Sato Waliokataa Kumbikumbi

Vijana wangu wa bwawani, wiki iliyopita mlinijia na simu mkitaka kunirekodi nieleze namna ya kuvua sato kwa ndoano mvua za kwanza zikinyesha. Nilikataa, na nadhani mmoja wenu aliondoka akisema mzee anaringa. Siringi. Nikiongea naongeza chumvi bila kujijua. Nikiandika, chumvi naiona, naipunguza. Basi nimeandika. Nimeishia darasa la saba, na mwalimu wangu alikuwa akisema mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga wino, kwa hiyo someni polepole.

Nimevua kwa ndoano katika bwawa letu hili, upande huu wa Songwa, miaka thelathini na kidogo. Sikuwahi kuwa mvuvi bora hapa. Kwa hesabu yangu ya haki walinizidi watatu, na wa kwanza wao ni mzee Nkwabi, ambaye wengi wenu mmekuta jina tu. Tulimwita Baba Kabula, kwa jina la binti yake. Karibu kila ninachojua kuhusu maji nilikipata kwake. Makosa niliyatafuta mwenyewe.

Nianze na kumbikumbi, kwa kuwa ndio mlioniuliza.

Mvua ya kwanza ikipiga, ardhi ikalowa, kisha jua likachungulia, alasiri kumbikumbi wanatoka vichuguuni. Nyie mnawajua kwa kukaanga. Lakini angalieni upepo. Ukiwasukuma kuelekea bwawani, wanaanguka juu ya maji, mabawa yanashika maji, hawawezi kuinuka tena. Hapo sato anapanda. Anawachukua mmoja mmoja, kwa sauti kama ya mtu anayenyonya mfupa. Ukiisikia sauti hiyo, kitu cha kwanza toa risasi kwenye mshipi wako. Naona wengi wenu mnatupa mshipi wenye uzito, chambo kinakwenda chini, na samaki yuko juu anakula mbele ya macho yenu. Mchomeke kumbikumbi shingoni, sio tumboni. Mabawa muachie. Kisha usimvute. Wenzake wote wanakwenda na upepo. Yeye peke yake akirudi nyuma, sato anajua kuna jambo.

Na kichuguu kina mwenyewe. Hili sikulizingatia mwaka wangu wa kwanza. Nilichota kumbikumbi, nusu ndoo, kwenye kichuguu cha mama mmoja mjane, nikaenda nao majini. Alinifuata. Hakunitukana. Alisimama nyuma yangu, kila ninapochomeka mmoja kwenye ndoano anasema, "Huyo mboga." Natupa, nachomeka mwingine. "Na huyo mboga." Nilivumilia hadi wa sita au wa saba, nikakunja mshipi. Siku hiyo nilimpelekea sato wawili na ndoo yake ya kumbikumbi waliobaki, akapokea, akasema ahsante, lakini tangu hapo kila nikipita kwake alikuwa akiwaambia watoto waingize mboga ndani.

Baba Kabula alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka ndipo akanionyesha kitu alichokuwa amekichomeka kwenye kofia yake. Nilidhani ni pambo. Ulikuwa unyoya wa shingoni wa jogoo, ule laini wenye rangi ya kutu, ameuzungusha kwenye ndoano ndogo, ameufunga kwa uzi wa cherehani, akaupaka nta kidogo ya nyuki usinywe maji. Alisema amechoka kugombea mboga za watu. Akautupa. Ule unyoya ukatua juu ya maji taratibu, ukakaa kama kumbikumbi kabisa, na sato akaja akaunyonya.

Nilirudi nyumbani nikamkamata jogoo wetu. Nilichukua manyoya mengi mno, nakiri. Alibaki shingo wazi msimu mzima, wageni wakimwona wanauliza kama kuna ugonjwa wa kuku kijijini. Mke wangu, Mama Limi, alikuwa anawajibu kwamba ugonjwa upo lakini umempata mwenye kuku.

Lakini unyoya sio somo kubwa la Baba Kabula. Somo kubwa lilikuwa tumbo.

Samaki wake wa kwanza wa siku hakuwa wa kuuza wala wa kula. Alikuwa anampasua palepale kwa wembe, anafungua utumbo juu ya jiwe bapa, anamwagia maji kidogo kwa kifuniko cha chupa, halafu anainama kusoma. Mchana mmoja anakuta majani ya majini tu. Mchana mwingine panzi. Mwingine kumbikumbi, mabawa yamejikunja kama karatasi. Kadiri alivyokuta ndivyo alivyochagua chambo. Alikuwa akisema mvuvi anayetupa ndoano kabla hajapasua samaki anabahatisha, na anayebahatisha asije akawaambia watu kwamba bwawa limeharibika.

Mimi nikawa naandika. Nilinunua daftari, kila siku naandika upepo umetoka wapi, maji yana rangi gani, mdudu gani anaruka, tumboni kulikuwa na nini. Ndio maana hadi leo mnaniita Karani. Lilianza kama jina la kunidhihaki, likanizoea.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nimekuwa nalizunguka tangu juu, mmeona.

Kamati ya bwawa ilikuwa na sheria ambayo bado ipo: mvua zikianza, hakuna nyavu mdomoni, yaani pale mto unapoingia bwawani, kwa sababu samaki wanapanda huko kutaga. Ndoano ruksa, nyavu marufuku. Mwaka ninaousema, mvua ya kwanza ilikuwa nzuri, kumbikumbi wakatoka kwa wingi, upepo ukawamwaga majini. Nilikaa kwenye miamba na wenzangu tukijua leo ndiyo siku. Hatukupata kitu. Kumbikumbi walikuwa wanaelea hai, wanapigapiga mabawa, na hakuna aliyewagusa. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu pia. Tukaanza kutazamana. Tulisema, samaki wameisha. Na samaki wa bwawa zima hawaishi kwa ndoano.

Siku ya pili hiyo, jioni jua likiwa bado juu ya miti, nilikuwa nimemwona Baba Kabula akitoka mdomoni na baiskeli. Nyuma alikuwa amefunga gunia linalochuruzika maji. Nilimpa shikamoo, akaitika, akapita.

Nikaandika. Ukurasa ninao. Nimeandika siku, nimeandika upepo, kisha: "Nkwabi ametoka mdomoni na gunia bichi. Samaki hakuna. Nyavu."

Angalieni neno hilo la mwisho. Sikuiona nyavu. Niliona gunia.

Kamati ilipokutana asubuhi ya siku ya nne kwenye ofisi ya kijiji, waliuliza nani ana ushahidi. Hakuna aliyekuwa nao, isipokuwa mimi mwenye daftari. Nilisoma kwa sauti. Sijui kama nilijisikia vizuri. Nikisema sikujisikia vizuri hata kidogo nitakuwa nadanganya. Watu wazima walikuwa wamenyamaza wakisikiliza mwandiko wa kuku. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akamgeukia mzee.

"Baba Kabula, kwenye gunia kulikuwa na nini?"

"Tope."

Watu walicheka. Mmoja akasema basi siku hizi tope nalo linapanda kutaga. Mzee hakuwatazama. Alinitazama mimi.

"Karani. Siku hiyo ulipasua samaki?"

"Sikupata samaki, Baba."

"Basi uliandika nini?"

Alivaa kofia yake, ile yenye unyoya, akatoka kabla hawajamruhusu. Kamati ikaamua asikanyage ukingo wa bwawa hadi mvua ziishe. Kwa mtu mwingine ni miezi tu. Kwake, mzee wa miaka sabini na zaidi, aliyefiwa na mkewe, ambaye kila asubuhi alikuwa na jiwe lake la kukaa na maji ya kutazama, sijui niseme ilikuwa nini. Alikaa nyumbani. Nilipokuwa nikipita, mlango ulikuwa wazi na baiskeli imeegemezwa ukutani siku zote mahali palepale.

Siku nne baada ya kikao nilipata sato. Sikumvua kwa akili: ndoano yangu ilimkwama mkiani nilipokuwa navuta mshipi nimekwisha kukata tamaa. Nilimpasua. Tumbo lilikuwa limejaa hadi kupasuka, na ndani hakukuwa na kumbikumbi hata mmoja. Kulikuwa na uji mweusi. Nilimwaga maji kidogo, uji ukafumuka, nikaona ni viluwiluwi, wadogo kama punje ya ulezi, maelfu, wengine wameanza kuota mabawa.

Kisha nikaenda mdomoni, nikachota tope, nikaliosha kwenye chungio la chai nililolichukua nyumbani bila kuomba. Lilikuwa limejaa vidudu vyekundu kama nyuzi. Nilipoinua macho niliona kitu ambacho nilikuwa nakiona kila mwaka bila kukifikiria: juu ya matete, wale vijidudu wasiouma wamesimama angani kama moshi. Ndio hao. Wanaishi topeni, wakiiva wanapanda juu kuota mabawa, na kwa siku chache wakati wanapanda, sato anawangojea njiani. Anakula akiwa chini kidogo ya uso wa maji, hata mgongo hauonekani. Ana chakula cha kutosha puani pake, kwa nini ahangaike na kumbikumbi wa juu?

Samaki walikuwepo siku zote tatu. Walikuwa wameshiba.

Na Baba Kabula alikuwa ameona kama nilivyoona mimi kwamba hawashiki, ila yeye alikwenda kutazama tope.

Sasa hapa ndipo ninapowaomba msinisamehe haraka. Nilijua siku hiyo. Sikusema. Nilijiambia labda nyavu ilikuwepo pia. Nilijiambia kamati itasema tumemwamini mjinga. Nilijiambia mvua zitaisha tu, atarudi kwenye jiwe lake, mambo yatapoa. Kwa wiki nzima niliandika upepo na rangi ya maji, na hilo sikuliandika. Wiki ya pili binti yake, Kabula, akaja kutoka Runzewe ambako ana mgahawa, akamfungashia vitu vyake. Nilisimama njiani walipopita. Nilimpa shikamoo. Aliitika marahaba, kama siku zote, sauti ileile. Angenyamaza ningelala vizuri zaidi.

Aliyeniamsha ni Mama Limi. Alikuwa anachuja chai akaona kidudu chekundu kimekauka kwenye wavu wa chungio. Akaniuliza ni nini. Nikamweleza, na nikiwa naeleza nikajikuta nimeeleza yote. Alimaliza kuchuja. Akaniwekea kikombe.

"Wewe unaandika hata upepo," akasema. "Hili mbona hujaandika?"

Nilichukua daftari mbele yake. Sikuchana ule ukurasa, ingawa mkono ulitaka. Nikafungua unaofuata nikaandika kila kitu: sato wa mkiani, uji mweusi, tope, chungio, na siku ambazo nilikuwa nimekaa kimya, ngapi.

Nilikwenda kwa mwenyekiti nikaomba kikao kama kile cha kwanza, mbele ya watu walewale. Nilisoma kurasa zote mbili. Nilipomaliza mwenyekiti aliuliza, "Kwa hiyo nyavu haikuwepo?"

Nikasema, "Sijui kama haikuwepo. Najua sikuiona. Na samaki walikuwepo."

Yule aliyekuwa amecheka habari ya tope kutaga akasema Karani kawatosa kwenye tope wazee wazima, na kweli niliwatosa, sikubisha. Kamati ikafuta uamuzi wake. Mwenyekiti akasema mimi niliyempeleka mzee Runzewe ndiye nitakayekwenda kumwambia. Ilikuwa haki.

Nilipanda basi, nikapita Kahama, nikapita Ushirombo, nikafika Runzewe mchana, saa ya wachimbaji kula. Mgahawa wa Kabula ulikuwa umejaa vijana wenye udongo hadi kwenye nyusi, wanabishana kuhusu duara la nani, yaani shimo la nani, limeanza kuonyesha dhahabu. Kabula alinitambua. Aliniwekea ugali na mboga bila kunitazama, nikala, kwa kuwa kukataa kungekuwa kosa lingine. Niliponawa ndipo akasema, "Yuko nyuma. Ukimsimamisha tena mbele ya watu kama mwizi, utanikuta mimi."

Mzee alikuwa uani anamenya mihogo. Nilimwamkia, akaitika, akanionyesha gogo la kukaa. Nilianza kufungua daftari ili nimsomee, akaniuliza maji yako wapi sasa, yamefika jiwe la pili au bado. Nikasema yamepita. Akauliza rangi. Nikasema chai ya maziwa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari za ndugu.

Nikamsomea kurasa zote mbili. Alimenya mihogo miwili mizima nikiwa nasoma. Kisha nikamuuliza lililokuwa linanitesa: kwa nini siku ile kwenye kikao hakusema ni viluwiluwi, kwa nini alisema tope tu? Nikaongeza kwamba nimefikiria, nadhani alitaka nigundue mwenyewe, lilikuwa somo.

Aliweka kisu chini.

"Usiniandike hivyo," akasema. "Sikuwa nakufundisha. Nilikasirika. Nilipoona ni wewe unasoma, ulimi ukawa mzito."

Kijana mmoja mchimbaji alikuja kunawa pipani, akaondoka. Mzee akaendelea kumenya. Baadaye akasema macho yake yameanza ukungu, kumbikumbi kwenye ndoano hawezi kumchomeka tena shingoni, na Runzewe hakuna maji ya kutazama ila ya ndoo. Nikamwambia jiwe lake halijakaliwa na mtu. Hilo lilikuwa kweli. Hata ningemkalisha mtu pale kwa nguvu, asingekubali. Akasema atafikiri kumbikumbi wakitoka.

Walitoka msimu uliofuata. Siku ya tatu baada ya mvua nilifika miambani nikakuta baiskeli. Kabula alikuwa amemleta na alikuwa amesimama mbali kidogo, kanga ameifunga kiunoni, anatazama kila anayemsogelea baba yake. Nikamwamkia mwangaluka, mzee akajibu kwa Kisukuma chake cha zamani na akaendelea kusikiliza maji. Alikuwa haoni anapotupa tena, lakini alikuwa anasikia wanaponyonya. Alitupa unyoya wake kuelekea sauti.

Tulimpasua sato wa kwanza pamoja. Mimi nilishika wembe. Akauliza, "Kuna nini?"

"Kumbikumbi, Baba. Wawili. Na wale weusi, wengi."

"Una daftari?"

"Ninalo."

"Fungua ule ukurasa."

Sikuuliza upi. Nikaufungua juu ya jiwe. Akapapasa, akachukua lile tumbo kwa vidole vyake mwenyewe, akalifungulia juu ya karatasi, pale kwenye neno la mwisho, akalitandaza kwa kidole gumba kama anavyotandaza mtu siagi. Kabula alikuwa amesogea. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwona akitabasamu tangu gunia.

"Sasa andika," mzee akasema.

Alivua misimu miwili mingine pale kwenye jiwe. Msimu wa tatu hakuja, na mnajua amelala wapi.

Kuhusu uzi, nta na unyoya njooni nyumbani, kuonyesha ni rahisi kuliko kuandika, na jogoo wa sasa ana shingo nzuri. Ila fahamuni kwamba Mama Limi anahesabu. Chungio la chai pia mje nalo lenu.

Daftari lenyewe nimelipeleka ofisi ya kijiji, kwenye kabati la kamati, ili mkitaka kulaumu mtu mkalisome kwanza. Karatasi zimekuwa ngumu, msizifungue kwa nguvu. Mtafika ukurasa wenye doa kubwa la kahawia, sio chai. Juu ya doa mtasoma jina la mtu na neno ambalo sasa halisomeki vizuri. Chini yake, kwa mwandiko uleule wa kuku, nimeandika: upepo wa mashariki, maji yameanza kuchafuka, sato mmoja, kumbikumbi wawili, viluwiluwi wengi, Baba Kabula yupo.